Mama, jangwani watu wanakunywa nini?

Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba leo tutaongea habari ya kazi ambazo watoto wetu wanapewa shuleni kuja kufanya nyumbani. Nilikuwa nimeshajipanga kuwaandikia kuhusu ratiba, mwanga wa kutosha na meza ya kusomea. Kisha tukaenda Mchombe kwa wazazi wangu wakati wa likizo fupi ya Septemba, na binti yangu wa darasa la nne akavuruga mpango wote kwa swali moja.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, daftari mapajani. Mwalimu wao alikuwa amewaambia waandike sentensi kumi kuhusu jangwa. Alikuwa na tatu tu: Jangwa lina mchanga mwingi. Jangwani kuna ngamia. Jangwani hakuna maji. Hapo akakwama, akaninyanyulia uso.

"Mama, kama hakuna maji, watu wanakunywa nini? Na ngamia je?"

Nilikuwa napepeta mchele, akili yangu iko kwenye chakula cha mchana. Nikamjibu kama wengi wetu tunavyojibu mikono ikiwa na kazi: "Ngamia ana maji kwenye nundu, ni kama tanki. Watu wanachimba visima. Andika hivyo."

Babu yake alikuwa chini ya mwembe anasuka mgono. Akacheka, akaweka kazi yake pembeni. "Mke wangu," alimwambia mjukuu wake, "hebu acha hilo daftari kwanza. Njoo nikuonyeshe jangwa."

"Jangwa la wapi, Babu?"

"Hili hapa nyuma ya majaruba yetu."

Nikawafuata, maana na mimi nilitaka kuliona hilo jangwa la Mchombe.

Anayelijua Bonde la Kilombero atakubali kwamba hakuna mahali pabaya zaidi pa kutafuta jangwa. Mwezi Machi na Aprili mto ukifurika, ile sehemu aliyotupeleka Babu hupitika kwa mtumbwi. Lakini mwezi Septemba lilikuwa limebaki dimbwi lililokauka, udongo mweusi umepasuka vipande vipande, nyufa zinaingiza kiganja kizima. Majani yaliyokuwa marefu kuliko mtoto yamegeuka mabua. Babu akachuchumaa, akang'oa bonge moja la udongo, akalipa mkono wa mtoto.

"Humu ndani wamo samaki," alisema.

Binti yangu akacheka sana. Mimi mwenyewe nilidhani ni utani wa babu na mjukuu. Tuliporudi mjini nilikaa nikasoma na kuuliza wanaojua, na nikagundua mambo mawili. Babu alikuwa sahihi. Mimi na tanki langu la nundu nilikuwa nimekosea.

Kwa hiyo leo, mzazi mwenzangu, naomba tuongee habari ya jangwa na namna viumbe wanavyopona huko. Siku moja mtoto wako naye atauliza. Na kuna sehemu ya habari hii, nitakayoieleza mbele, ambayo inahusu uhai wa mtoto wako mdogo kabisa.

Jangwa ni nini hasa

Tuanze na sentensi ya kwanza ya binti yangu, kwamba jangwa lina mchanga mwingi. Siyo lazima. Sehemu kubwa ya majangwa ya dunia ni mawe, changarawe na udongo mgumu. Kinachofanya mahali paitwe jangwa ni uhaba wa mvua. Wataalamu wengi huchukua kipimo cha chini ya milimita 250 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho jangwa kubwa kuliko yote duniani ni bara la barafu la Antaktika, maana huko hakunyeshi karibu chochote. Mwambie mtoto hilo uone macho yatakavyomtoka.

Ili mtoto aelewe, mlinganishie na anapopajua. Ifakara na maeneo jirani hupata zaidi ya milimita 1,200 katika mwaka wa kawaida. Dodoma, ambako tunasema ni kukavu, hupata kama 500 hadi 600. Ina maana hata Dodoma siyo jangwa, ni nusu jangwa. Tanzania hatuna jangwa kamili, ingawa tuna kipande cha ajabu kule Ngorongoro karibu na Bonde la Olduvai: rundo la mchanga mweusi wa volkano lenye umbo la mwezi mchanga, linalosukumwa na upepo na kuhama kidogo kidogo kila mwaka.

Jangwa halisi lililo karibu nasi ni Chalbi, kaskazini mwa Kenya katika Kaunti ya Marsabit, mashariki mwa Ziwa Turkana. Zamani sana lilikuwa ziwa. Leo ni uwanda mpana wa udongo mgumu wenye chumvi nyeupe juu, na pembeni yake kuna chemchemi chache kama za Kalacha. Huko wanaishi Wagabra na Warendile na mifugo yao. Wanaishi, wanaoa, wanasomesha watoto. Ile sentensi ya tatu ya binti yangu, kwamba jangwani hakuna maji, nayo ikaanguka. Maji yapo, ila ni machache, na kila anayeishi huko amejifunza namna ya kuyatunza.

Nundu siyo tanki

Sasa tumsafishe ngamia jina. Ndani ya nundu hakuna maji. Kuna mafuta. Nundu ni ghala la chakula: malisho yakikosekana, mwili unayeyusha mafuta yale, na nundu hunywea au kulala upande. Kuyaweka mafuta mahali pamoja mgongoni kuna faida nyingine, sehemu nyingine za mwili zinabaki bila blanketi la mafuta na joto linatoka kirahisi.

Maji yenyewe ngamia huyatunza kwa njia nyingine. Mkojo wake ni kidogo na mzito. Kinyesi chake hutoka kikavu kiasi kwamba unaweza kukiwashia moto. Puani mwake unyevu wa pumzi inayotoka hunaswa kabla haujapotea hewani.

Halafu kuna suala la jasho. Mimi na wewe joto la mwili likipanda nyuzi mbili tu tunaitwa wagonjwa. Ngamia mwenye kiu anaweza kuanza asubuhi na nyuzi 34 hivi na kufika jioni akiwa amevuka 40 bila tatizo. Anaruhusu mwili upate joto mchana, anauacha upoe usiku, na kwa kufanya hivyo anaokoa maji ambayo angeyamwaga kwa jasho.

Hata damu yake ni tofauti. Chembe nyekundu zetu ni za duara, zake zina umbo la yai. Damu ikiwa nzito kwa kukosa maji, chembe zile zinaendelea kupita. Na akifika kisimani anaweza kunywa zaidi ya lita 100 ndani ya robo saa, chembe zile zikavimba bila kupasuka. Pima hapo kwa ndoo: ni ndoo tano kubwa za lita 20. Ngamia anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake kwa kukosa maji, kisha akanywa na kurudi kama zamani.

Naomba uishike hiyo robo. Tutairudia.

Samaki wa udongoni

Turudi kwenye bonge la Babu.

Katika madimbwi ya Bonde la Kilombero, yale yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi, wanaishi samaki wadogo wa ukubwa wa kidole. Dume ana rangi za kung'aa kama kitenge kipya, jike ana rangi ya udongo. Aina mojawapo wanasayansi waliipa jina la bonde letu mwaka 2002: Nothobranchius kilomberoensis. Ndiyo, mzazi wa Mchombe, Ifakara na Mlimba, kuna samaki duniani anayeitwa kwa jina la kwenu.

Maisha yao ni ya haraka. Mvua zikijaza dimbwi, mayai huanguliwa. Ndani ya wiki chache tu vifaranga wamekuwa watu wazima na wameanza kutaga. Hutaga mle mle kwenye tope la chini. Dimbwi linapokauka, samaki wote hufa. Wote kabisa. Lakini mayai yao yamebaki udongoni.

Kilichomo ndani ya yai ndicho kinachoshangaza. Kiinitete kinasimama kukua. Kinapunguza matumizi karibu kufikia sifuri, kama taa iliyoshushwa utambi, na kinangoja. Jua linapiga, udongo unapasuka, ng'ombe wanapita juu yake, miezi inakwenda. Mvua zikirudi, yai linapasuka. Ndiyo maana watu wengi huona samaki kwenye dimbwi ambalo juzi lilikuwa vumbi, wakasema wamedondoka na mvua. Mimi pia niliambiwa hivyo nikiwa mdogo, na nilikuwa tayari kumwambia hivyo binti yangu.

Tena siyo mayai yote huanguliwa kwa mvua ya kwanza. Mengine hubaki yamelala. Mvua ya kwanza inaweza kuwa ya kudanganya, inyeshe siku mbili halafu jua lirudi wiki tatu. Waliotoka watakufa, lakini waliobaki udongoni bado wana nafasi. Mkulima wa mpunga anaijua hekima hii, hamwagi mbegu yake yote siku moja kwa kuiamini mvua ya kwanza. Mbegu za mimea ya jangwani hufanya vilevile, nyingine hukaa miaka mingi mchangani zikisubiri mvua ya kweli.

Na kuna jambo ambalo sikulitegemea. Samaki hawa wanauhitaji ukame. Dimbwi lisipokauka kabisa, kambare na samaki wengine wakubwa hukaa humo na kuwamaliza. Kiangazi kinachoua wazazi ndicho kinachowalinda watoto wao.

Wapo wanaokabili ukame kwa njia nyingine. Kamongo wa Ziwa Victoria na mito yake ana mapafu na huvuta hewa kama sisi. Kinamasi kikikauka anaweza kuchimba tope, akajikunja na kujifunika kwa ute unaokauka na kuwa kama gamba, akaacha upenyo wa kupumulia, akalala miezi mingi. Mbuyu nao, ambao utauona kwa wingi ukipita Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, huhifadhi maji kwenye shina lake laini na kupukutisha majani kiangazi. Mti usio na majani haumwagi maji hewani.

Watu wa jangwani hawaishi peke yao

Binadamu hana nundu, hana gamba la ute na hawezi kulala miezi sita. Anaponaje jangwani? Nimesoma na kusikiliza mengi na jibu fupi ni kwamba anapona kwa kutegemea watu wengine.

Wagabra na Warendile huhama na mifugo kufuata malisho, na maziwa ya ngamia ndiyo chakula na kinywaji chao wakati ambapo ng'ombe wamekauka. Familia yenye ngamia wengi huwaazima wale waliopungukiwa. Anayeazima leo anajua kwamba ukame wa mwakani unaweza kumwangukia yeye. Waborana wa Kenya na Ethiopia wana visima virefu sana kwenda chini, na maji hupandishwa na watu waliojipanga juu ya mwingine kwenye ngazi, wakirushiana ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba ili mwendo usivunjike. Mtu mmoja hawezi kunywa kwenye kisima kile akiwa peke yake.

Wenye ndugu Oman watakuwa wamesikia habari ya falaj. Ni mifereji, mingi ikianzia chini ya ardhi, inayoleta maji kutoka vyanzo vya milimani hadi vijijini kwa mteremko mdogo tu, bila pampu. Yapo mafalaj kama 3,000 yanayotumika hadi leo, na mwaka 2006 matano kati yake yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilichonivutia ni utaratibu wake. Maji yakiingia kijijini kwanza watu huchota ya kunywa, kisha yanakwenda kwenye matumizi mengine, mwisho kabisa mashambani. Na kila shamba lina zamu yake, zamani ikipimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Jirani yako hawezi kuchota zamu yako, nawe huwezi kuchota yake.

Nilipomsomea binti yangu hayo aliniuliza, "Mama, kwa hiyo hawagombani?" Nikamwambia wanagombana, ndiyo maana wakaweka utaratibu.

Mtoto siyo ngamia

Sasa ile robo niliyokuomba uishike.

Ngamia anaweza kupoteza robo ya uzito wake kwa kukosa maji akapona. Mtoto hawezi. Akipoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa kuharisha na kutapika, tayari yuko kwenye hatari ya kufa. Mtoto wa kilo 10 anafika hapo kwa kupoteza lita moja tu, yaani chupa moja ya maji. Na anaweza kuipoteza ndani ya siku moja.

Haya nayaandika nikiwa na deni. Mwaka jana, kiangazi kama hiki, mdogo wake huyu binti, akiwa na mwaka na nusu, alianza kuharisha usiku. Asubuhi jirani mmoja mwenye nia njema aliniambia nisimpe maji wala uji, "maji yatamharisha zaidi, acha tumbo lipumzike." Nikasikiliza. Nusu siku nzima nilimnyima mtoto maji, na kila aliponyoosha mkono kwenye kikombe nilikisogeza.

Mchana mama yangu alipiga simu kutoka Mchombe kusalimia. Akasikia mtoto analia nyuma yangu. Akaniuliza, "Anatoa machozi?" Nikamwangalia. Alikuwa analia bila machozi. "Mama weee, mpeleke hospitali sasa hivi," akasema. "Na njiani mnyweshe."

Nilipanda bodaboda na mtoto kifuani. Zahanati walitupokea, muuguzi akakoroga ORS, akanipa kijiko. Kijiko kimoja, unangoja kidogo, kijiko kingine. Akitapika unasubiri dakika kumi unaanza tena. Nilinywesha kwa kijiko kuanzia mchana hadi taa zinawashwa. Saa mbili usiku alikojoa, na sijawahi kufurahia nepi iliyolowa kama siku ile.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, haya uyashike hata ukisahau ngamia wote.

Mtoto anayeharisha anahitaji kunywa zaidi. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi kuliko kawaida. ORS ipo kwenye zahanati na maduka ya dawa. Pakiti ya lita moja ikorogwe kwenye lita moja kamili ya maji safi na salama, wala usipunguze maji ukidhani unaifanya kali. Soma pakiti yako, maana ziko za vipimo tofauti. Ikipita siku moja mwaga, koroga nyingine. Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kama robo hadi nusu kikombe kikubwa, na wa miaka miwili na kuendelea nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo. Usimwachishe kula. Muulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 ili kupunguza makali na kuzuia kuharisha kurudi.

Mtoto wa chini ya miezi sita chakula na kinywaji chake ni maziwa ya mama, hata kwenye joto kali la kiangazi, maana maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Huyo akiharisha mnyonyeshe zaidi na umpeleke kwenye huduma mapema, ORS apewe kwa maelekezo ya mhudumu.

Usingoje kesho ukiona haya: macho yamezama, analia bila machozi, mdomo mkavu, utosi wa kichanga umebonyea, hajakojoa kwa masaa mengi, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, amelegea au halali wala haamki vizuri, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo. Hapo ni hospitali.

Dawa hii ya sukari na chumvi imeokoa watu wengi kuliko mitambo mikubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladeshi, wakimbizi walivuka kuingia India na kipindupindu kikawashambulia kambini. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kukoroga sukari na chumvi kwenye maji na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka sana. Walionywesha walikuwa akina mama na ndugu, kama mimi na wewe, na vikombe.

Bonde letu na kiangazi chake

Bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka huohuo wa 2002 ambao samaki wetu alipewa jina. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka huku, yale yanayokwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Lakini Babu, ambaye amevua humu tangu ujana, alimwambia mjukuu wake kwamba yako madimbwi aliyoyajua ambayo leo ni mashamba, na vijito vilivyokuwa na maji mwaka mzima ambavyo leo unavivuka na viatu.

Sipendi kuwatia watoto hofu kwamba dunia inakwisha. Ninachopenda ni wajue kwamba ukavu una sababu, na nyingine ziko mikononi mwetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita 60 mtoto anaweza kuzipima kwa hatua zake. Mwende naye mtoni mchana, mkae mbali na maji kwa sababu ya mamba, mkahesabu. Kisha mwache aseme mwenyewe anachokiona.

Nyumbani pia yapo ya kufanya bila gharama. Chukua mtungi wa udongo, ujaze maji, uweke kivulini penye upepo, na pembeni weka ndoo ya plastiki yenye maji yaleyale. Jioni mtoto aonje yote mawili. Ya mtungi yatakuwa baridi, kwa sababu maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Mwambie hilo ndilo jasho linalofanya mwilini mwake, na ndiyo maana akicheza mpira juani lazima anywe maji hata kama anaona raha ya mchezo kuliko kiu. Na anapokwenda shule kiangazi, kidumu cha maji kisikose kwenye begi.

Jambo moja tu la tahadhari: madimbwi yanayokauka yawe ya kutazama. Maji yaliyotuama yana kichocho, na tope huzamisha. Watoto waende na mtu mzima.

Sentensi ya nne

Binti yangu alimaliza sentensi zake kumi. Ile ya nundu aliifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, akaandika kwamba nundu ina mafuta. Akaandika pia kwamba samaki wengine wanangoja mvua ndani ya udongo mkavu. Daftari liliporudi, pembeni ya sentensi hiyo kulikuwa na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Hakulia. Alinionyesha, akasema atampelekea mwalimu ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni lile bonge la Babu. Alilibeba kutoka Mchombe ndani ya kopo la maziwa, nami nusura nilitupe siku ya usafi. Sasa liko dirishani jikoni, limefunikwa kwa kitambaa. Amepanga kulimwagia maji ya mvua mvua za kwanza zikinyesha, siyo ya bomba, hilo amelikataa kabisa. Nimemweleza kwamba huenda katika bonge lile hakuna yai hata moja, au yapo na hayatatoka mwaka huu. Akanijibu kwamba basi atangoja mwaka mwingine.

Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye ratiba na meza ya kusomea kama nilivyoahidi. Kama mtoto wako amekuuliza swali ukamjibu kwa haraka kama mimi, bado una nafasi ya kumrudia. Mwambie, "Mwanangu, lile jibu la juzi nilikosea. Njoo tulitafute tena."